Mashine Haikwei Mnazi

Nyumbani kwa babu yangu, Tanga, kuna saa ya ukutani ambayo kila mgeni lazima aiulize. Ni saa kama saa nyingine, ila usoni imechorwa vipande viwili vyekundu: kimoja kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, cha pili kuanzia dakika ya 45 hadi ya 48. Mshale mrefu ukiingia kwenye wekundu, babu ananyamaza. Hata kama alikuwa katikati ya kisa, ananyamaza, na wewe unakaa umsubiri. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uzee. Kumbe ni kazi.

Babu alikuwa afisa wa redio katika meli za mizigo. Enzi zao, mabaharia wa dunia nzima walikuwa na masafa mamoja ya dhiki, kilohezi 500, na katika dakika hizo tatu, mara mbili kila saa, ilikuwa marufuku kupiga chochote pale isipokuwa kama unaomba msaada. Kila mtu anafunga mdomo na kutega sikio, ili kama kuna anayezama huko mbali na redio yake imebakiwa na nguvu kidogo, asikike. Babu aliacha bahari zamani, lakini sikio lake halijastaafu.

Chini ya saa hiyo kuna meza, na juu ya meza kuna redio ya kurusha na kupokea, maana babu ni mpenzi wa redio mwenye leseni, na alama yake ya wito inaanza na 5H kama ya Watanzania wenzake. Pembeni ya redio kuna sanduku dogo jeusi. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Linaitwa tyuna ya antena, na ni ya kujiendesha. Babu alilichukia siku lilipoingia nyumbani. Mimi nililipenda siku hiyohiyo. Wote wawili tulikosea. Lakini ngoja kwanza nikurudishe nyuma, msomaji, kwani sanduku hili halikudondoka kutoka mbinguni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

*

Kila waya una urefu wake, na kila urefu una wimbi lake. Mfano wake ni bembea. Ukiisukuma kwa wakati wake, inapaa kwa nguvu ndogo tu. Ukiisukuma ovyo, unachoka bure. Antena ya babu ni waya wa mita 20 na kitu, nusu ya wimbi kwa masafa ya megahezi 7.1, yale ambayo wapenzi wa redio huyaita mita 40. Kwa masafa hayo waya unakubali. Ukiupeleka kwenye masafa mengine, unagoma: sehemu ya nguvu unayoituma inagonga na kurudi redioni, kama wimbi linavyogonga gati na kurudi baharini.

Wenyewe hupima marejeo hayo kwa uwiano. Moja kwa moja, hakuna kinachorudi. Mbili kwa moja, inarudi kama asilimia 11. Tatu kwa moja, asilimia 25, yaani robo nzima. Redio za siku hizi zikihisi marejeo makubwa hupunguza nguvu zenyewe, zisije zikaunguza transista zake. Tyuna ndiyo msuluhishi: koili na kapasita zinakaa kati ya redio na antena, zinapangwa mpaka redio inaona omu 50 inazozitaka, inaridhika, inatoa nguvu zake zote.

Kuridhisha huko kuna historia. Heinrich Hertz alipothibitisha kule Karlsruhe, mwaka 1888, kwamba mawimbi ya redio yapo kweli, hakuwa na haja ya kuyachagua. Waliomfuata ndio walioingia matatani. Mitambo ya kwanza ilirusha cheche, na cheche ilisambaa kila mahali. Wawili wakipiga kwa pamoja, basi, soko la samaki. Oliver Lodge wa Uingereza aliomba hataza mwaka 1897 kwa njia ya kukifanya kituo kimoja kitikisike kwa pamoja na kingine kwa kutumia koili. Mwaka 1900 Guglielmo Marconi akapata yake, ile mashuhuri yenye namba 7777, iliyowezesha vituo kadhaa kufanya kazi karibukaribu bila kugombana. Hapo ndipo kutyuni kulipozaliwa kama kazi ya mikono na masikio ya mtu.

Huku kwetu habari hizi hazikuchelewa kufika, na hazikufika kwa wema. Tarehe 8 Agosti 1914, vita vikiwa na siku chache tu, manowari ya Kiingereza HMS Astraea iliipiga Dar es Salaam mizinga. Ilichokuwa inakilenga ni kituo cha redio cha Wajerumani. Hebu fikiri: mlingoti na waya vilikuwa tayari ni kitu cha kupigiwa mizinga.

*

Babu husema yeye ni mtoto wa mwaka 1912, ingawa alizaliwa miaka mingi baadaye. Ana maana yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 meli ya Titanic ilizama. Watu wake wawili wa redio, Jack Phillips na Harold Bride, walipiga wito mpaka maji yakawafikia. Meli ya Carpathia ilisikia ikaja. Meli ya Californian ilikuwa karibu zaidi, lakini mtu wake wa redio, mmoja tu, alikuwa amekwenda kulala. Kutokana na msiba ule ukaja mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini wa mwaka 1914, na masharti kuhusu redio melini na zamu za kusikiliza. Hiyo ndiyo kazi ya babu.

Mwaka huohuo wa 1912 Marekani ilitunga sheria ya redio. Vijana waliokuwa wakicheza na mitambo majumbani walionekana wasumbufu, wakasukumwa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini. Wakati ule mawimbi hayo mafupi yalihesabiwa kuwa hayana maana. Ilikuwa kama kumpa mtu shamba la mawe ukamwambia alime.

Wakalima. Desemba 1921 Paul Godley, Mmarekani aliyetumwa Uskoti na wapenzi wenzake, alikaa hemani karibu na Ardrossan kwenye baridi na mvua, akaisikia stesheni ya wapenzi iliyokuwa Connecticut, ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, na Fred Schnell wa Connecticut wakaongea kwa kujibizana, kwenye wimbi la kama mita 110. Shamba la mawe likawa ndilo lenye rutuba. Masafa mafupi tuliyoyatumia miaka na miaka kusikiliza idhaa za mbali yalifunguliwa na watu waliotupwa huko wapotee. Huo ndio mchezo wa babu.

Basi 1912 ilimzalia kazi na mchezo kwa mpigo.

*

Sasa aje kijana mmoja. Mwaka 1925 msafara wa Donald MacMillan ulikwenda Aktiki, na mtu wa redio wa msafara alikuwa mpenzi wa redio, John Reinartz. Huko Cedar Rapids, jimbo la Iowa, mvulana wa miaka 15, Arthur Collins, aliweza kuongea nao kwa alama za Morse kutoka stesheni aliyoiunda mwenyewe nyumbani. Ujumbe aliopokea aliupeleka ofisi ya telegrafu ya mjini, ukatumwa Washington. Miaka 15, jamani! Mimi umri huo nilikuwa nafukuzana na mpira.

Collins alianzisha kampuni yake mwaka 1933. Mwaka 1934 aliandika katika jarida la wapenzi wa redio la Marekani juu ya sakiti ya koili moja na kapasita mbili ya kuunganisha mtambo na antena za kila namna. Mpangilio wake mchoroni unafanana na herufi pi ya Kigiriki, na jina likabaki hilo. Lakini mkono wa mtu ulikuwa bado unazungusha vishikio. Kisha kampuni yake ikatengeneza mfumo ulioitwa Autotune: injini ndogo ya umeme inazungusha vishikio vyenyewe hadi pale vilipowekwa alama. Katika Vita Kuu ya Pili mtambo wa ART-13 uliokuwa na mfumo huo ulirushwa katika ndege kubwa za Kimarekani. Rubani hana nafasi ya kukaa anatega sikio na kuzungusha kishikio taratibu. Anachagua namba, mashine inajipanga.

Toka hapo ikawa suala la muda tu. Kufika miaka ya 1980 wapenzi wa redio waliweza kununua redio kama TS-930S ya Kenwood yenye tyuna ya kujiendesha ndani kwa ndani. Baadaye injini zikawaachia relei, na ubongo ukawa kompyuta ndogo ya kutosha kwenye ukucha.

*

Mwaka 1999 ndio ulioharibu mambo kwa babu. Kuanzia 1992 meli zilikuwa zinahamia mfumo mpya wa dhiki wa satelaiti na redio za kidijitali, na mwisho wa kuhama ulikuwa tarehe 1 Februari 1999. Tangu hapo ofisa wa zamu anabonyeza kitufe, na ujumbe unaondoka wenyewe ukiwa na namba ya meli na mahali ilipo. Watu wa redio wakateremshwa. Babu alirudi Tanga na sanduku la bati, saa ya ukutani na cheti.

"Mimi nilifukuzwa kazi na kitufe," huwa ananiambia. "Halafu leo mnaniletea kitufe kingine mpaka chumbani kwangu."

Tyuna yake ya zamani ni ya mkono. Ina kapasita mbili za kuzungusha, koili katikati, na geji ya mishale miwili, mmoja wa nguvu inayokwenda, mwingine wa inayorudi. Kumtazama anavyoitumia ilikuwa kama kumtazama fundi wa udi akikaza nyuzi. Kwanza sikio tupu: anazungusha hadi kelele za hewani zinapopaa kabisa. Pili anauliza kama masafa yako wazi, asije akamwingilia mtu. Tatu anapunguza nguvu mpaka wati 10 hivi, anarusha kidogo, anaupigia chapuo mshale wa marejeo ushuke. Akishapata anaandika kwenye daftari la shule: tarehe, masafa, namba ya kila kishikio, na mshale ulikuwa wapi. Ana madaftari kumi na moja.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu na hautarudi nyuma. Kishikio kinachotaka kusogezwa kwa unywele mmoja, yeye anakiruka kwa nusu duara. Nilimwona jioni moja amejaribu mara sita, saba, jasho linamtoka. Akazima redio akasema amechoka, atalala mapema. Kesho yake hakuiwasha. Wiki nzima hakuiwasha. Nyumba ikawa na kimya ambacho hakikuwa cha dakika tatu.

Mjomba aliyeko Muscat ndiye aliyeleta lile sanduku jeusi.

"Shikamoo babu, mzigo wako umefika."

"Marahaba. Wa nini?"

Nikamweleza. Hakujibu kitu. Alitoka nje akakaa barazani mpaka magharibi.

Mimi huku nikasoma kijitabu chake kwa hamu. Utaratibu unabaki uleule wa babu: sikiliza, uliza, punguza nguvu. Ila baada ya hapo unabonyeza kitufe tu. Redio inarusha wimbi tupu, sanduku linapima kinachokwenda na kinachorudi, na relei zinaanza kuunganisha na kuachia koili na kapasita. Hesabu yake ni ya mawe ya mizani. Muuza duka akiwa na jiwe la 1, la 2, la 4 na la 8, anaweza kupima chochote kuanzia 1 hadi 15 kwa mawe manne tu. Sanduku lenye koili saba zinazozidiana mara mbilimbili linapata vipimo 128, na kapasita saba vivyo hivyo. Zidisha: 16,384. Kapasita zikiweza kuhamishwa upande wa redio au upande wa antena, ni 32,768. Linajaribu kwa akili, si zote, na likishapata linakumbuka. Ukirudi masafa yaleyale linakwenda moja kwa moja. Nguvu kubwa usirushe relei zikiwa zinacheza, utaziunguza. Ni hayo tu.

Nilibonyeza. *Krrrrr*, kama mtu anamwaga kunde kavu kwenye sinia. Sekunde nne. Moja nukta mbili kwa moja. Babu alikuwa amesimama mlangoni, sikujua amefika saa ngapi.

"Basi?" akauliza.

"Basi, babu."

Alikaa. Akaweka kidole chake kinachotetemeka juu ya kitufe, na kitufe, tofauti na kishikio, hakijali mtetemo. Usiku ule aliongea na watu watatu. Nilikwenda kulala nikamwacha anacheka na mtu wa Nairobi.

*

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu, na ingekuwa ya uongo.

Masika yalipokwisha, wanaomjibu babu walianza kupungua. Mimi nikasingizia jua, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kuwa madoa ya jua hupandisha na kushusha masafa mafupi. Sanduku lilisema kila kitu ni kizuri. Tena lilikuwa linapata haraka kuliko zamani, hata kwenye masafa ambayo mwanzoni lilihangaika. Nilifurahi, nikamwambia babu antena imezoea.

Babu akanitazama. "Antena ni mbuzi, izoee?" Akaniagiza daftari la nane, akaniambia nizime tyuna, nipime waya mtupu kwenye megahezi 14. Daftari lilisema miaka yote mshale wa marejeo pale uligonga mwisho, kwani waya ule si wa masafa yale. Sasa geji ilionyesha tatu kwa moja.

"Si ni nafuu, babu?"

"Mgonjwa aliyekuwa akilia kila siku, leo kanyamaza. Umeshamwona kama kapona au kafa?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo sanduku halikuniambia. Nguvu inarudi kidogo kwa sababu mbili: ama imetoka hewani, ama imeliwa njiani. Geji iliyoko mezani haijui tofauti. Kebo ikinywa maji inakula nguvu ikienda, na kidogo kinachorudi inakila tena. Redio inaona hakuna marejeo, inaridhika. Tyuna inapanga kilichobaki, inasema 1.2. Na wewe unaongea mpaka koo linakauka, kumbe unapasha moto kebo. Tyuna haikutengeneza antena hata siku moja. Ilichofanya ni kuituliza redio. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tukamwita mkwezi, kwa sababu katikati ya waya imefungwa juu ya mnazi, na mimi kukwea sijui. Alishuka na kiungo mkononi na madafu mawili begani. Utepe ulikuwa umeachia, shaba imegeuka kijani kwa chumvi ya bahari. Nilipokata kebo, maji yalidondoka. Ndani ya waya wa umeme, maji! Tuliweka kebo mpya, tukaunga, tukafunga utepe juu ya utepe, babu ameketi kwenye kiti chini ya mnazi akifoka kama nahodha.

Jioni tukapima kwanza bila tyuna. Kwenye megahezi 14 mshale ukagonga mwisho, na babu akapiga kofi la furaha. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona mtu anafurahia kipimo kibaya. Kisha akahamia mita 40, akabonyeza, kunde zikamwagika kwenye sinia, akaita. Mtu wa Durban akajibu mwito wa kwanza.

*

Nimeambiwa na rafiki zangu kuwa mashine zimetuharibu, hatujui tena kufanya kitu kwa mikono. Wengine wanasema wazee wana wivu na mashine. Nimekaa na mzee mmoja na mashine moja, na sioni kama ni kweli kwa upande wowote. Bila sanduku lile babu angekuwa bubu leo. Lilimrudishia sauti ambayo mikono yake ilikuwa imemnyang'anya, na kitufe kilichomfukuza melini kina ndugu yake aliyemkaribisha mezani. Hilo amelikubali mwenyewe, ingawa kwa shingo upande.

Lakini sanduku linajua jambo moja tu, kwamba redio imeridhika. Kama umesikika, halijui. Kujua hilo ilibidi kuwe na mtu aliyeandika madaftari kumi na moja wakati hakuna aliyemwagiza, na mwingine wa kupanda juu akatazame. Sasa daftari la kumi na mbili naandika mimi. Kila mwezi nazima tyuna, napima waya mtupu, naandika mshale ulipo hata kama ni pabaya.

Jana niliandika dakika ya 44. Nilitaka kumuuliza babu kitu, nikainua uso nikaona mshale mrefu unaingia kwenye wekundu. Nikanyamaza. Yeye alikuwa ameshanyamaza.